Uwanja wa Mshairi

Sidhani kama kuna mshairi wa Kiswahili ambaye jina lake hutamkwa na makondakta wa daladala mara nyingi kama Sheikh Amri Abeid. Arusha, jina hilo ni mahali. Ni pa kukutania, pa kushukia, pa kumwelekeza mgeni aliyepotea katikati ya mji. "Njoo mpaka Amri Abeid, halafu nipigie." Ukimuuliza anayesema hivyo Amri Abeid alikuwa nani, atakutazama kana kwamba umemuuliza Unga Limited alikuwa nani.

Mimi nililifahamu jina kama mahali miaka mingi kabla halijawa mtu. Chuoni, katika somo la ushairi, mhadhiri alituandikia ubaoni majina ya waliotangulia kuziweka kanuni za utunzi kwenye maandishi, na mojawapo lilikuwa Amri Abeid, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, 1954. Sisi tuliotoka Arusha tulitazamana, tukacheka. Mmoja akanong'ona, "Kumbe uwanja wetu umeandika kitabu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuatilia uwanja ule kama mtu anavyomfuatilia ndugu aliyegundua kuwa hamjui vizuri. Nimeuliza, nimesoma, nimekaa majukwaani siku zenye mechi na siku zisizo na mechi. Sasa hivi sababu ya kuufikiria imeongezeka: nje kidogo ya mji, kata ya Olmoti, unajengwa uwanja mpya wa kupokea watu takriban 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja Septemba 2023. Kila mtu anauliza uwanja mpya utakuwaje. Mimi nauliza huu wa zamani utakuwa wa nani.

Nianze na mwenye jina. Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, na alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na jumuiya hiyo mwaka 1953. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha ushairi, nusu kanuni, nusu diwani. Baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa mbunge, kisha waziri. Mtu aliyeandika sheria za mashairi akaja kuwa Waziri wa Sheria wa nchi, jambo ambalo kama lingekuwa kwenye riwaya tungesema mwandishi amezidisha. Alifariki Oktoba 1964 akiwa na miaka 40, Muungano ukiwa haujatimiza hata miezi sita.

Kitabu chake kina msimamo mmoja usiotikisika: shairi lina vina na lina mizani, na lisilo navyo si shairi. Tulipokuwa wanafunzi tulimwona mkali. Siku hizi namwelewa zaidi. Aliandika wakati ambapo mtu mweusi aliyetaka kusema lugha yake ina elimu ndani yake alitakiwa kuthibitisha. Kusema kwamba utungaji wetu una sheria, na sheria hizo zinaweza kufundishwa na kuandikwa kitabuni, ilikuwa namna ya kudai heshima.

Viwanja vyetu vingi vina majina ya viongozi: Sokoine kule Mbeya, Kambarage Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Benjamin Mkapa Dar es Salaam. Wa Arusha nao una jina la kiongozi, hilo silikatai, na huenda aliyelichagua alimfikiria waziri kuliko mshairi. Ila alikuwa mshairi, na sijui uwanja mwingine mkubwa nchini unaobeba jina la mtu aliyefahamika kwa kuhesabu mizani. Kigoma alikozaliwa, uwanja mkubwa unaitwa Lake Tanganyika. Mtu wa ziwani alipewa uwanja wa mlimani, mahali ambapo siku ikiwa haina mawingu unautazama Mlima Meru huku ukitafuna karanga.

Jambo hilo linaendana na tabia ya Arusha. Mji huu umezoea kubeba mambo ya watu wa kwingine. Tuna jumba la mikutano la AICC tangu 1978. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalisainiwa Arusha Agosti 1993, ya Burundi Agosti 2000. Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa kwa miaka ishirini. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Ukiisoma Arusha kwenye vitabu vya historia utadhani ni mji wa meza ndefu na chupa za maji.

Sisi wenyeji mambo hayo tunayajua kwa misafara. Barabara inafungwa, pikipiki za polisi zinapita, magari meusi yanapita, barabara inafunguliwa, unaendelea na safari yako ukiwa umechelewa. Kilichozungumzwa ndani unakisikia jioni redioni kama mtu wa Mtwara anavyokisikia. Kumbi zile ni zetu kwa anwani tu.

Ndiyo maana tarehe 15 Januari 2001 ina nafasi yake. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulikuwa umeshasainiwa mjini hapa Novemba 1999, na ulikuwa umeanza kufanya kazi Julai 2000. Siku ya kuizindua Jumuiya, marais watatu, Mkapa, Moi na Museveni, hawakujifungia ukumbini. Walikuja uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nilikuwa shule ya msingi, na kumbukumbu yangu ni ya kitoto: bendera ndogo za karatasi, jua, na kiu. Lakini nilikuwepo. Jumuiya ya kwanza ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na watu wazima waliotuzunguka walikuwa wanaikumbuka ile ya zamani, treni zake na ndege zake. Waliona kwa macho yao kitu kilichokufa kikirudishwa. Jambo kubwa la mezani lililetwa mbele ya mama aliyetoka Ngarenaro kwa miguu.

Kwangu hiyo ndiyo kazi ya uwanja huu, na mpira ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Arusha ina vyumba vingi, na hiki ndicho chumba ambacho mwenyeji anaingia.

Baba yangu aliingia kwa mguu wa kulia na mguu wa kushoto, kwa maandamano. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha hapa mjini, na kila Mei Mosi sherehe zilipofanyika uwanjani, walitoka kiwandani kwa mistari wakiwa wamevaa ovaroli zilizofuliwa na kupigwa pasi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama alikuwa anapiga pasi ile ovaroli kama anavyopiga suti ya harusi. Walipita mbele ya jukwaa kuu, bango mbele, na baba alikuwa na uhakika kwamba mgeni rasmi alimwona yeye binafsi. Kwa miaka mingi nilidhani Mei Mosi ni sikukuu ya baba.

Kiwanda kilisimama. Baba hakuandamana tena, maana maandamano yale ni ya wenye ajira, na fundi wa kujiajiri hana bango la kutembea nyuma yake. Mwaka 2024 Mei Mosi ya kitaifa ilifanyika Arusha, uwanja uleule. Nilimwambia, "Baba, twende tukaangalie." Akasema hana haja, kisha saa moja asubuhi nikamkuta amevaa shati la kola na viatu vya kufunga kamba. Tulikaa jukwaa la jua. Vikundi vikapita: walimu, wauguzi, watu wa benki, watu wa umeme. Baba hakupiga makofi sana. Alikuwa anatazama miguu. Kikundi kimoja kilipopita kila mtu na hatua yake, akatikisa kichwa na kusema, "Hawa hawakufanya mazoezi." Hiyo ndiyo hotuba pekee aliyoitoa siku hiyo.

Nilipomtazama nilielewa kwamba pale chini, kwenye njia ya kukimbilia inayozunguka nyasi, ndipo mahali pekee katika mji huu ambapo baba amewahi kutembea akitazamwa. Hakuna kumbi ya mikutano inayoweza kumpa mtu wa kiwandani jambo hilo.

Kuna siku nyingine ambayo mji mzima unaikumbuka. Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa shule nyingine. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Jumatatu, tarehe 8, miili ilipelekwa uwanjani kuagwa, na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, ndiye aliyeongoza shughuli.

Sina ustadi wa kuielezea siku ile na sitaki kuutafuta. Nitasema nilichokiona kuhusu uwanja. Uwanja wa mpira umejengwa kwa ajili ya kelele. Majukwaa yameelekezwa ndani ili sauti ya watu iwarudie wachezaji. Siku ile majukwaa yalijaa na sauti iliyorudi ilikuwa ya kilio. Watu waliokuwa wanakaa upande wa Simba walikaa na waliokuwa wanakaa upande wa Yanga. Masheikh walikuwepo, maaskofu walikuwepo. Hakukuwa na msikiti wala kanisa Arusha ambalo lingewatosha watu wale, na hata kama lingekuwepo, lingekuwa la upande mmoja. Majeneza 35 yanahitaji mahali pakubwa pasipo pa dini ya mtu. Mji ulikuwa nalo eneo hilo, tena katikati, watu wakafika kwa miguu.

Nikiwasikia watu wakisema kwamba uwanja ule umechakaa na sasa tunapata wa kisasa, huwa nakumbuka siku ile. Uchakavu ni kweli. Lakini ukubwa wa uwanja haupimwi kwa viti tu. Hupimwa pia kwa umbali kati yake na mlango wa mtu maskini.

Na jina nalo lilifanya kazi yake kimyakimya. Ahmadiyya ni jumuiya ambayo Waislamu wengi hawakubaliani nayo. Lakini chini ya jina la mhubiri wake, watu wa madhehebu mbalimbali wameingia kwa mambo yao: mikutano ya Injili yenye spika zinazosikika mpaka Kaloleni, mashindano ya kwaya, shughuli za dini, siku za kitaifa. Sijawahi kusikia mtu akisimama getini akauliza sheikh huyu alikuwa wa upande gani.

Mpira wenyewe una hadithi yake, na hadithi hiyo ina uchungu kidogo kwa mtu wa Chuga. Timu yetu ya mwisho niliyoishangilia Ligi Kuu ilikuwa JKT Oljoro, iliyopanda mwaka 2011 na kushuka 2014. Baada ya hapo tumekuwa wenyeji wa mechi za watu. Msimu wa 2024/25 Coastal Union ya Tanga iliutumia uwanja wetu kama nyumbani kwake, na Yanga na Simba wakaja kuifuata huku. Wana-Arusha tulilipa viingilio kuangalia timu ya pwani ikicheza na timu za Dar es Salaam kwenye baridi yetu.

Lakini hata hapo kuna zawadi. Tarehe 2 Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa kati ya Yanga na Coastal Union. Yanga ilikuwa bingwa wa ligi msimu ule, na wengi walikuja kutazama ikikabidhiwa kombe la pili. Kijana wa Coastal, Abdul Suleiman, tuliyemzoea kwa jina la Sopu, akafunga mabao matatu. Dakika 120 zikaisha 3-3. Yanga wakashinda kwa penalti 4-1, kombe likaenda kwao, lakini ukimuuliza aliyekuwepo mechi ile ilikuwa ya nani, atakwambia ya Sopu. Jirani yangu jukwaani, mzee mwenye skafu ya njano na kijani, alisimama bao la tatu likiingia, akashika kichwa, kisha akaanza kupiga makofi. Mwanawe akamuuliza, "Baba, sisi si Yanga?" Mzee akajibu, "Tuko Yanga. Lakini nina macho."

Kuna siku nyingine uwanja hauna mpira kabisa, na hapo ndipo ninapoupenda zaidi. Arusha na Manyara ni nchi ya wakimbiaji. Wengi hufanya mazoezi barabara za vumbi, Ilboru, Sakina, kwenye miinuko, ambapo hakuna anayewahesabia. Uwanjani ndipo wanapohesabiwa. Mashindano ya riadha ya taifa yamewahi kufanyika hapa, na kijana aliyekuwa akikimbia na ng'ombe huko kwao hujua kwa mara ya kwanza kwamba kasi yake ina namba.

Ninapowatazama humkumbuka Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Namna alivyoikimbia ndiyo iliyowashangaza watu. Kawaida ya mbio zile ilikuwa kujificha katikati ya wenzako, kuhifadhi nguvu, na kuchomoka mwishoni. Bayi aliongoza tangu mwanzo na hakumwachia mtu. Mwaka huohuo wa 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na watetezi wa kanuni, warithi wa hoja za Amri Abeid, wakapandwa na hasira. Ubishi ule haujaisha mpaka leo.

Sina haja ya kuuamua hapa. Nasema tu kwamba aliyevunja kanuni za mbio na aliyevunja kanuni za mashairi wote wawili walihitaji mahali palipopimwa vizuri. Rekodi ya Bayi ina maana kwa kuwa kila uwanja wa riadha una mita 400 zilezile. Na Alphonce Simbu, ambaye kwa miaka mingi amefanya mazoezi yake Arusha, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025, tofauti kati yake na mshindi wa pili ilikuwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 na ushee, kipimo kiliamua. Mshairi wa mizani angeelewa.

Sasa turudi kwenye swali la mwenye mali.

Uwanja wa Sheikh Amri Abeid si wa jiji la Arusha wala si wa serikali. Ni wa Chama Cha Mapinduzi. Si huu peke yake: Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Jamhuri wa Dodoma, Majimaji wa Songea, Mkwakwani wa Tanga, Samora wa Iringa, hata ule wa Lake Tanganyika kule kwa kina Amri, vyote ni vya chama. Kijana aliyezaliwa juzi hushangaa akisikia. Aliyezaliwa zamani hashangai, kwa sababu anakumbuka nchi ilivyokuwa.

Ukitoka uwanjani kwa miguu unafika baada ya dakika chache kwenye Mnara wa Mwenge na jengo ambalo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ndani ya jengo lile, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa na kupitisha kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Miaka minane baadaye, mwaka 1975, katiba ikarekebishwa na chama kikatamkwa kuwa ndicho chenye kushika hatamu. Mwaka 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM. Katika nchi ya namna hiyo, kuandika hati ya uwanja kwa jina la chama na kuiandika kwa jina la umma lilikuwa jambo moja mbele ya macho ya watu wengi. Chama kilikuwa kimoja, na mwananchi alikuwa ndani yake hata kama hana kadi.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Mwananchi akawa na haki ya kuwa nje ya chama. Viwanja vikabaki ndani.

Hoja inayorudiwa tangu wakati huo, bungeni na vijiweni, ni kwamba viwanja hivi vilijengwa kwa nguvu na michango ya watu wote, hivyo vilipaswa kurudi kwa watu wote. Hoja ya upande wa pili ni kwamba chama ndicho kilichovianzisha, kikavitunza, na hati zipo. Kuna jambo la haki nalazimika kulisema kwa ajili ya upande huo wa pili. Nimeona maeneo ya wazi ya mji yakimegwa kipande kwa kipande mpaka watoto wakacheza mpira barabarani. Uwanja huu haukumegwa. Umezungukwa na biashara, ndiyo, lakini nyasi zimebaki nyasi. Mwenye mali angeweza kuwa mbaya zaidi.

Tatizo langu ni la mbele. Mpaka sasa uwanja umelindwa na hitaji. Palipohitajika mahali pa mechi kubwa, pa sherehe ya taifa, pa msiba wa mji, palikuwa hapa tu, na hakuna ambaye angethubutu kupagusa. Siku uwanja wa Olmoti utakapofunguliwa, hitaji hilo litahama. Mechi za Simba na Yanga zitahamia huko, na ni sawa, wachezaji wanastahili nyasi nzuri na mashabiki wanastahili vyoo. Sherehe za kitaifa huenda zikahamia huko. Hapo kitakachobaki katikati ya mji ni kiwanja kikubwa kilichochakaa, kwenye ardhi ya bei mbaya, mali halali ya taasisi moja ambayo haitalazimika kumuuliza mtu. Jiji lenye watu 617,631 kwa sensa ya 2022 halitakuwa na kauli juu ya ua wake wenyewe.

Simtuhumu mtu kwa jambo ambalo hajalifanya. Sijasikia mpango wa kuuza wala kubomoa. Lakini Sheikh Amri alituachia somo moja lisilohusu ushairi peke yake: jambo ambalo kila mtu analijua lakini halijaandikwa, siku likibishaniwa halina wa kulitetea. Washairi wa kabla yake walijua vina na mizani kwa masikio. Yeye aliketi akaandika.

Basi na hili liandikwe. Sidai lazima chama kinyang'anywe hati. Najua ugomvi huo utachukua miaka na utawachosha watu ambao hata mechi hawaendi. Nataka kitu kidogo zaidi, na chepesi zaidi kukubalika: jiji na mwenye mali wakae, waandike kwamba eneo lile litabaki uwanja, kwamba wakimbiaji na watoto wa shule watakuwa na siku zao, kwamba msiba wa mji ukitokea, geti litafunguliwa bila kuuliza kadi ya chama wala risiti. Mstari mmoja wa haki ya matumizi ya umma, ulioandikwa kwenye karatasi yenye mihuri, ungetosha kuanzia. Na uandikwe kabla mpira wa kwanza haujapigwa Olmoti, kwa sababu baada ya hapo macho yote yatakuwa huko.

Nimemweleza baba wazo hili. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza taarifa ya habari, kisha akaniuliza huko Olmoti nauli itakuwa shilingi ngapi. Nikamwambia sijajua. Akasema, "Basi uliza hilo kwanza. Watu hawataacha kufa kwa sababu uwanja umehama, wala hawataacha kutaka kupita mbele ya wenzao wakiwa wamevaa vizuri. Watatafuta mahali karibu."